Milimita Moja na Nusu

Injini ya petroli inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu ya hewa hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde. Kila inapofunguka, muda wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo hewa iliyochanganyika na petroli inatakiwa ianze mwendo, ikate kona, izunguke ukingo wa valvu na kujaza silinda kabla njia haijazibwa. Kilichoingia ndicho kitakachoungua, na kilichoungua ndicho kitakachosukuma pistoni. Mtu anaweza kununua kabureta kubwa na ekzosi inayoamsha mtaa mzima, lakini kama hewa inakwama kwenye valvu, pesa yake imeishia njiani.

Ndiyo maana naipenda kazi ya silinda hedi kuliko kazi nyingine yoyote ya karakana. Mtu anayepita haoni cha kushangaza: fundi ameinama juu ya kipande cha chuma, anapima, anafuta, anatazama, anapima tena. Saa nzima inaweza kupita na chuma kilichotoka kisijae kijiko. Lakini hapo ndipo injini inapopata nguvu au inapoikosa, na ninavyoona mimi, sehemu ngumu ya ufundi huu ni kujua chuma kipi kisiguswe.

Anayeendesha gari kati ya Mombasa na Nairobi anaijua thamani ya hewa hata kama hajawahi kuitaja. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha hewa iliyopotelea mlimani. Anachoweza ni kuhakikisha ile iliyobaki inaingia yote.

Gerezani, Dar es Salaam, niliwahi kukaa mchana mzima pembeni ya meza ya fundi wa hedi. Mezani palikuwa na hedi ya Morris Minor, ya chuma cha kusubu, nzito, nyeusi kwa masizi. Kijana wake alikuwa ameshaiosha kwa dizeli, akakwangua vyumba vya mwako na kuzipanga valvu nane kwenye ubao wenye matundu, kila moja kwa namba yake. Kijiti cha kusagia alikuwa nacho mkononi tayari.

“Mzee, tusage?”

“Bado. Shina linacheza.”

Akaichukua valvu ya moshi ya silinda ya tatu, akaipenyeza kwenye mwongozo wake, akaivuta nje kidogo na kuitikisa kushoto na kulia kwa vidole viwili. Kichwa cha valvu kilisogea kwa kiasi ambacho mimi nisingekiona kama asingenionyesha. Kikatio cha kuchonga kiti husimama juu ya fimbo inayochomekwa ndani ya mwongozo huo. Mwongozo ukiwa umelika, fimbo inainama. Fimbo ikiinama, kiti kinachongwa upande. Na valvu itakayokaa juu ya kiti cha upande haitaziba hata isagwe mpaka jioni. Kwa hiyo mwongozo ulitolewa kwanza, mpya ukagongwa mahali pake na kupekechwa mpaka shina likapita bila kucheza wala kubana. Hapo tu ndipo kiti kilipofikiwa.

Kiti cha valvu ni ule utepe wa chuma unaozunguka tundu, ambao valvu huukalia inapofunga. Kwa kawaida huchongwa kwa pembe ya nyuzi 45. Kile cha Gerezani kilikuwa kimepondeka kwa miaka mingi, utepe umetanuka mpaka karibu milimita tatu, una vishimo vyeusi vya kuungua. Mzee aliupitishia kikatio cha nyuzi 45 mpaka vishimo vikaisha. Kisha akachukua cha nyuzi 30 na kuupunguza utepe kutoka juu, halafu cha nyuzi 60 akaupunguza kutoka chini, upande wa koo la njia. Alizungusha kwa mkono, mizunguko miwili mitatu, akafuta kwa kitambaa, akatazama, akarudia. Alipomaliza, utepe uliobaki ulikuwa na upana wa milimita moja na nusu, uking'aa sawa pande zote, na juu na chini yake kulikuwa na mteremko wa kuipokea hewa taratibu.

Upana huo unavutwa na mahitaji mawili yanayopingana. Utepe mwembamba hubanwa kwa nguvu zaidi na springi, huponda masizi yanayotaka kukaa katikati, na huipa hewa kona nyepesi ya kuzunguka. Lakini valvu ya moshi hupitiwa na gesi inayotoka kwenye moto, uso wake ukafikia nyuzi joto 700 na zaidi, na sehemu kubwa ya joto hilo haina pa kupitia isipokuwa kwenye kiti, kisha kwenye maji yaliyo nyuma ya kiti. Ukiufanya utepe uwe mwembamba kwa kutafuta nguvu, valvu inaungua. Ukiuacha mpana kwa kutafuta usalama, haizibi vizuri, na hapo pia inaungua. Valvu ya hewa, ambayo hupozwa na kila mvuto wa petroli inayoingia, inaweza kuvumilia milimita moja au zaidi kidogo. Ya moshi huachiwa moja na nusu mpaka mbili. Ninaposikia mtu akisema kazi ya hedi ni kukwangua na kupaka pesti, huwa natamani nimwonyeshe utepe huo na kumwuliza angeukata wapi.

Kusaga kulikuja mwisho, na kulichukua muda mfupi. Kijana alipaka pesti kidogo kwenye uso wa valvu, akabandika mpira wa kijiti chake, akaanza kukisokota kati ya viganja, mbele na nyuma, akiinua valvu kila baada ya muda na kuigeuza robo mzunguko kabla ya kuishusha tena. Mwanzoni sauti ni ya kukwaruza, chembe zinauma chuma. Baadaye inalainika, na fundi aliyezoea hujua kwa sikio kwamba pesti imemaliza kazi. Walipoifuta, palikuwa na pete ya kijivu iliyofifia, bila pengo, katikati ya uso wa valvu. Mzee alifunga springi, akageuza hedi, akamimina petroli ndani ya chumba cha mwako na kuchungulia njia ya moshi kwa tochi. Alingoja. Njia ilibaki kavu.

Hedi ile ya Morris ina ukoo wenye heshima. Imetoka kwenye injini iliyoanza mwaka 1951 ndani ya Austin A30 ikiwa na sentimita za ujazo 803, ikaingia kwenye Morris Minor mwaka uliofuata, kisha kwenye Mini mwaka 1959, na haikuacha kutengenezwa mpaka mwaka 2000. Chumba chake cha mwako kina umbo la moyo, na ulimi mdogo wa chuma umejitokeza katikati ya valvu mbili. Umbo hilo lilitokana na kazi ya Harry Weslake, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1897, ambaye maisha yake yote aliyatumia kuuliza hewa inapita wapi na inakwama wapi. Mwaka 1935 alimbunia William Lyons, mwanzilishi wa Jaguar, hedi mpya yenye valvu za juu kwa ajili ya injini ya Standard ambayo valvu zake zilikuwa ubavuni. Lyons alikuwa ametaka nguvu farasi 95, na injini ikatoa zaidi ya 100. Mwaka 1967, akikaribia miaka 70, jina lake lilikuwa kwenye injini ya V12 ya gari la Eagle ambalo Dan Gurney alishinda nalo mashindano ya Ubelgiji huko Spa.

Mtu wa pili ninayemtaja kila nikizungumzia hedi hii ni Daniel Richmond. Karakana yake ilikuwa kijijini Downton, katika jimbo la Wiltshire, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hedi za Mini zilizopita mikononi mwake zikawa kipimo cha ubora. BMC, kampuni iliyoitengeneza Mini yenyewe, ilimchukua kuwa mshauri wake. Hilo linanigusa sana: kiwanda chenye maelfu ya wafanyakazi kikakubali kwamba fundi wa kijijini anajua jambo kuhusu injini yao ambalo wao walikuwa hawajaliona.

Na injini yenyewe haikuwa rahisi kuinoa. Silinda zake nne zina njia tano tu za kupitisha gesi badala ya nane. Silinda ya kwanza na ya pili zinagawana njia moja ya hewa, ya tatu na ya nne zinagawana nyingine, na mbili za katikati zinatumia njia moja ya moshi. Kwa mpangilio wake wa kuwasha, 1-3-4-2, silinda ya pili huanza kuvuta, na kabla haijamaliza ya kwanza nayo inafungua na kuvuta kwenye njia ileile. Zinanyang'anyana. Mhandisi anayeanza upya leo asingekubali mpango huo. Fundi hakupewa nafasi ya kuanza upya. Alipewa hedi jinsi ilivyo, akaambiwa atoe nguvu humo. Mini ya mwaka 1959 ilikuwa na nguvu farasi 34. Cooper S ya sentimita za ujazo 1,275, iliyotoka mwaka 1964, ilikuwa na 76, kwa mpango uleule wa njia tano. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na ukubwa wa silinda, lakini hedi ndiyo iliyoziruhusu silinda hizo kubwa zipumue. Mini Cooper S zilishinda Rali ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, mbele ya magari yenye injini kubwa kuliko zao.

Tuje kwenye valvu kubwa, jambo ambalo wateja wengi huliulizia kwanza. Valvu ya hewa ya kawaida kwenye injini hii ya 1,275 ina kipenyo cha milimita 33.3. Ya Cooper S ina 35.6. Tofauti ni milimita 2.3, lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, hivyo nafasi ya kupitia imeongezeka kwa karibu asilimia 14. Hiyo ni faida ya kweli, mradi kamshafti iinyanyue valvu vya kutosha. Nafasi inayozunguka valvu iliyofunguka hulingana na eneo la duara lake pale inaponyanyuka robo ya kipenyo, yaani karibu milimita 9 kwa valvu hiyo. Mteja anayelipia valvu kubwa na kuacha kamshafti ya zamani amenunua nusu ya kitu.

Lakini chuma nacho kina mipaka. Valvu ya moshi ya Cooper S ilikuwa na milimita 31. Jumlisha vipenyo viwili upate 66.6, kisha kumbuka silinda yenyewe ina kipenyo cha 70.6. Kati ya viti viwili panabaki daraja jembamba la chuma, upande mmoja likipozwa na petroli inayoingia, upande wa pili likichomwa na moshi unaotoka. Hedi hizo zilijulikana kwa kupasuka hapo hapo. Ilipotoka MG Metro yenye injini hiihii mwaka 1982, valvu ya hewa ilibaki kubwa na ya moshi ikarudishwa kwenye milimita 29. Hasara ilikuwa ndogo, kwa sababu moshi husukumwa na msongo mkubwa uliobaki ndani ya silinda, kisha na pistoni inayopanda, wakati hewa ya kuingia inategemea msukumo hafifu wa angahewa tu. Upande wa kuingiza ndio wenye shida, kwa hiyo ndio upewe nafasi. Naona uamuzi huo wa kupunguza valvu kuwa mzuri kama uamuzi wowote wa kuongeza.

Kujizuia kwa namna hiyo kunahitajika pia kwenye njia za hewa, ambako fundi huingia na mashine ndogo ya upepo yenye kikatio cha kabaidi. Kishawishi ni kupanua. Njia ikiwa pana, macho yanaridhika. Lakini njia pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa hewa, na gari linakuwa zito chini, halina nguvu mpaka injini ipige kelele. Pahali pa kuogopa zaidi ni kona ya ndani, pale sakafu ya njia inapopinda kushuka kwenye koo la valvu. Hewa yenye kasi haikati kona hiyo kwa hiari. Inataka kwenda moja kwa moja na kugonga ukuta wa mbali, kama basi lililozidisha mwendo kwenye kona za mlima wa Kitonga. Mkono mzito ukikata chuma cha kona hiyo, pembe inazidi kuwa kali na hewa inaachana na sakafu kabisa. Fundi mzuri huizungusha tu, hutoa ule ukingo mkali ulioachwa na kikatio cha kiwandani, kisha anapeleka nguvu zake juu ya kiti, kwenye koo, na kuzunguka mwongozo. Hata ule ulimi wa Weslake hupunguzwa kidogo ubavuni ili usiifunike valvu. Anayeukata wote hupata hewa zaidi kwenye mashine ya kupimia, kisha anapoteza kompresheni na ule msukosuko unaochanganya petroli na hewa kabla ya cheche.

Kuhusu kung'arisha, nitasema kwa kifupi. Njia ya moshi ilainishwe, masizi yasipate pa kushika. Njia ya hewa kwenye injini ya kabureta iachwe na ukwaru mdogo wa msasa, kwa sababu ukuta unaong'aa kama kioo huacha petroli itambae ukutani badala ya kubaki hewani.

Hatua ninayoipenda kuliko zote baada ya kiti ni ya kupima vyumba vya mwako. Hedi hulazwa chali, uso juu, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Kipande cha plastiki kizito kinachopitisha mwanga hubandikwa kwa grisi juu ya chumba, kikiwa na tundu dogo, na fundi hujaza kioevu kutoka kwenye bomba la kioo lenye mistari mpaka povu la mwisho litoke. Kila silinda ya injini ya 1,275 inameza sentimita za ujazo 318.7. Ukitaka kompresheni ya 10 kwa 1, nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa, pamoja na unene wa gasketi, iwe 35.4. Chumba kimoja kikizidi kwa sentimita moja tu ya ujazo, silinda hiyo inashuka chini ya 9.8. Vinne visipolingana, injini inakuwa na silinda nne zenye tabia nne, na kila moja inatamani iwashwe kwa wakati wake. Kwa hiyo fundi hurudi na kikatio, anagusa chumba kidogo kuliko vyote, anapima, anagusa, anapima. Uso wa hedi hukerezwa baada ya hapo, vyumba vyote vikishalingana, ili kuupata ujazo unaotakiwa.

Kazi ya viti imepata uzito mpya kwetu tangu petroli yenye risasi iondolewe. Nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka sokoni. Uamuzi ulikuwa wa haki. Risasi ile ilikuwa ikiingia kwenye damu ya watoto. Lakini ilikuwa pia ikiacha utando mwembamba kwenye viti vya chuma cha kusubu na kuvikinga. Bila utando huo, valvu ya moshi ikiwa ya moto sana hunata kwenye kiti kwa nukta ya muda na kung'oa chembe inapofunguka. Kiti kinazama polepole, nafasi ya tapeti inapungua mpaka inaisha, valvu haifiki tena chini, na mwenye gari anaanza kusikia injini ikikosa mapigo mlimani.

Tiba ni pete ya chuma kigumu. Fundi huchonga shimo mahali pa kiti cha zamani, dogo kuliko pete kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Hedi hupashwa moto, pete hugandishwa, na kwa muda mfupi tu moja inaikubali nyingine. Pete inagongwa mara chache, inatua, na joto likilingana haitoki tena. Kwenye hedi za njia tano chuma kilicho chini ya kiti si kinene, na nyuma yake kuna maji. Kina kikizidi kidogo, shimo linatokea kwenye njia ya maji na hedi nzima inageuka chuma chakavu. Nimemwona fundi akisimamisha mashine katikati ya mkato, akaingiza kipimo cha kina, akakaa akifikiri kwa muda mrefu, kisha akaendelea kwa unyoya wa mwisho uliobaki. Mwenye gari alikuwa nje akinywa chai na hakujua lolote.

Siku ya kufunga, nati hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Tapeti za injini hii huachiwa nafasi ya milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Baada ya kilomita mia kadhaa gasketi itakuwa imekaa, na gari linatakiwa lirudi ili nati zikazwe tena na tapeti zipimwe upya. Wengi hawarudi. Gari linavuta vizuri kuliko walivyowahi kulijua, linapanda mlima bila kushusha gia, nao wanaona kazi imekwisha. Gasketi inapokuja kuvuja, lawama inamwangukia yule aliyekaa siku nzima akitafuta milimita moja na nusu. Rudisheni magari, kukaza huko hakuchukui hata saa moja.